Aleksanda wa Mwalimu Trifonas

Kila asubuhi, kabla hajavua hata koti, Vaya huweka kisufuria cha mkono mrefu juu ya jiko dogo la gesi na kusimama mbele yake kama askari wa zamu. Kahawa ya bosi wake, Bi Evdoksia, haina mzaha. Povu lazima lipande taratibu mpaka ukingoni, na linapotaka kumwagika ndipo uepue. Ukichelewa kidogo tu povu limekufa, na Bi Evdoksia atachungulia kikombe na kusema, "Leo tunakunywa maji ya mtaro."

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Trifonas, povu lilikuwa limefika shingoni mwa kisufuria simu ilipolia.

"Umeshampigia baba yako wa ubatizo?" Alikuwa mama yake, Bi Thomai, ambaye huongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Nitampigia mchana, Mama."

"Usipige. Njoo mwenyewe. Leo anatangaza kitabu."

"Kitabu gani?"

"Wee Vaya! Kitabu gani tena? Aleksanda. Padri Arsenios akimaliza kubariki mizabibu anakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu, na akishaketi tu, Mwalimu anainua glasi na kuuambia mji kwamba kabla ya Pasaka kitabu kinatoka. Mkewe Agathi anakanda unga tangu juzi. Jikoni kwake hupati nafasi hata ya kuweka kiwiko."

Vaya alishika ukingo wa meza. "Nani amemwambia kinatoka?"

"Mimi!" Bi Thomai alilisema neno hilo kwa furaha ya mtu aliyetoa sadaka. "Nilimkuta Jumapili kanisani amejikunja kama kifaranga, nikamwambia, Mwalimu, unasumbuka nini? Kitabu kiko mikononi mwa Vaya. Mwenye mtu ndani hagongi mlango."

Nyuma ya Vaya kahawa ilipanda, ikafurika, moto ukachachatika na kuzimika.

Vaya akaaga upesi, akakata simu. Kitabu hakitoki. Kilikataliwa tangu kabla ya Krismasi, na aliyekikataa ni yeye.

Nyumba ya kuchapisha vitabu ya Bi Evdoksia ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifungo, karibu na soko la Thesalonike. Vaya alikuwa msomaji wake wa kwanza. Kila mswada ulioingia ulipita kwake, na yeye ndiye aliyesema uendelee au urudi. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye haya, kwa kuwa husemi na mtu uso kwa uso. Unaandika maneno machache, Bi Evdoksia anatia saini, na mwandishi anapokea barua ya adabu. Lakini mswada wa Mwalimu Trifonas haukuja kwa posta. Aliuleta mwenyewe, amevaa tai, ameufunga kwa utepe wa bluu, akauweka mbele ya Vaya na kusema, "Mimi nilikupokea ulipotolewa majini siku ya ubatizo. Sasa wewe nipokee."

Huko Gumenisa, mji wa kwao Vaya, hakuna asiyejua habari za kitabu hicho. Tangu astaafu ukuu wa shule, Mwalimu alikuwa akiandika riwaya ya Aleksanda Mkuu, mtoto wa nchi yetu, ambaye mji aliozaliwa hauko mbali na mizabibu ile. Watu waliiona taa dirishani mwake wakapita kwa kunyata. Vaya naye aliusubiri mswada huo kama wengine, na siku alipoupata aliubeba kwenda nyumbani ameukumbatia. Alichemsha chai ya mlimani, akakunja miguu kitandani, akaufungua ukurasa wa kwanza akiwa na njaa nao.

Aleksanda aliinua mkono akahutubia. Ukurasa wa pili alikuwa bado anahutubia. Alihutubia mpaka baharini, akavuka, akahutubia upande wa pili. Hakukohoa, hakukosea, hakuota ndoto mbaya, hakusahau jina la mtu. Maadui walikuwa wengi na wote walikimbia. Farasi wote walikuwa na fahari. Kila sura iliishia watu wakishangilia. Vaya aliendelea kusoma akijiambia, sura ijayo, sura ijayo atatokea mtu. Kurasa mia sita, hakutokea mtu.

Ilimchukua muda kujua sauti ile aliisikia wapi. Kisha akaikumbuka: ngazi za shule ya Gumenisa, mwezi Machi, siku ya taifa. Watoto wamepangwa uani na bendera za karatasi, baridi inawatafuna magoti, na Mwalimu Mkuu juu ya ngazi anasoma hotuba ya siku. Alipomaliza walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, kwa sababu makofi yakiisha ndipo waliporuhusiwa kwenda nyumbani. Naye, maskini, aliyapokea kwa kuinamisha kichwa. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia makofi yale yalikuwa ya nini.

Vaya aliandika maneno yake: si cha kuchapwa. Bi Evdoksia aliyasoma, akavua miwani.

"Sawa," alisema. "Ila huyu ni baba yako wa ubatizo. Sitampelekea barua kama mtu wa barabarani. Mwambie mwenyewe, kwa ulimi wako."

Na ulimi wa Vaya ulinyamaza Krismasi, ukanyamaza Mwaka Mpya, ukanyamaza mpaka asubuhi hii.

Bi Evdoksia alitoka chumbani mwake akinusa harufu ya kahawa iliyoungua. "Nani amekufa?"

"Bado," alisema Vaya, akamweleza yote huku akipangusa jiko.

"Na kwa nini hukumwambia?"

"Kila nikishika simu nauona uso wake."

Bi Evdoksia aliketi kwenye kiti cha wageni, kile chenye mguu mbovu, jambo ambalo hakulifanya ila mambo yakiwa mazito. "Basi usiseme ni wewe. Sema ni kamati. Kamati haina uso. Mtu hawezi kuichukia, hawezi kuilaani, hawezi hata kuinyima salamu kanisani."

"Sisi tuna kamati?"

"Tunayo. Mimi, wewe, na paka wa duka la vifungo. Sasa chukua koti lako. Umwambie kabla padri hajaketi, umenisikia? Mzee akiambiwa faraghani ataumia, kisha atapona. Akishatangaza mbele ya mji mzima, halafu aje kujua, huyo hataonekana tena barabarani."

Njia nzima, ndani ya basi, Vaya alikuwa akiitengeneza sentensi moja. Kamati imeona. Kamati, baada ya kutafakari. Kwa masikitiko, kamati. Alipoteremka Gumenisa, kengele ndogo ilikuwa ikilia huko mizabibuni, na hapo akapumua. Padri alikuwa bado anapita shamba kwa shamba akinyunyiza maji. Mtakatifu Trifonas ni mlinzi wa wakata mizabibu, na siku hiyo hakuna shamba linaloachwa.

Siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu uliyepewa jina lake, kwetu haina mwaliko. Mlango unaachwa wazi, anayetaka anaingia, na mwenye jina haruhusiwi kukaa chini wala kununa. Vaya alilijua hilo, ila hakuwahi kulifikiria kama ukuta. Aliingia ukumbini akakuta makoti yamelundikana juu ya kitanda cha chumba cha kwanza mpaka kitanda hakionekani.

"Vaya wangu!" Mama Agathi, mke wa Mwalimu, alimdaka mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga mpaka viwikoni. "Mbona umekonda? Huko Thesalonike wanakulisha karatasi?" Kabla hajajibu, kijiko cha cheri za sukari kilikuwa kimeshaingia mdomoni mwake.

"Baba Trifonas yuko wapi?" aliuliza akitafuna.

"Yuko kila mahali. Leo ameota mabawa."

Mwalimu Trifonas alikuwa katikati ya sebule, nywele zake chache zimelazwa kwa maji, tai imekaza shingo. Mswada wenyewe ulikuwa juu ya meza, nakala yenye jalada gumu, kati ya sinia la pai za jibini na chupa za divai. Alimwona Vaya, akaacha mkono wa mtu aliyekuwa akimsalimu, akaja kuushika uso wake kwa viganja viwili.

"Amekuja! Jamani, mtu wetu amekuja!"

Sebule nzima ilipiga makofi. Kutoka kwenye kochi Bi Thomai alimkonyeza bintiye.

"Miaka mingi, Baba Trifonas," Vaya alitoa salamu ya siku kwa sauti ndogo. "Nina neno nataka kukwambia. Faraghani."

"Neno moja? Binti, mimi nina kurasa mia sita."

"Ni la haraka."

"Basi twende hapa pembe..."

"Miaka mingi, Mwalimu!" Familia ya mwoka mikate iliingia na sanduku la keki, watoto, bibi yao na baridi ya nje, na Mwalimu akachukuliwa kama jani mtoni.

Vaya alimfuata. Alimpata tena kwenye mlango wa jikoni, akamshika mkono wa koti, akafungua kinywa. Mwenyekiti wa wakulima wa zabibu aliingia. Alimpata mara nyingine karibu na dirisha, na mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye kipara, akaja kumbusu mkono. Kila mgeni alipewa glasi, kila mgeni alisema miaka mingi, na huko nje kengele ya padri ilikuwa ikisikika karibu zaidi.

"Mwalimu!" aliita Prodromos kutoka mwisho wa meza. Prodromos alikuwa jirani, mkamua divai, rafiki wa Mwalimu tangu jeshini, mtu mwenye viganja vikubwa kama makasia. "Hebu tuambie. Huyu Aleksanda wako ameshafika Babeli, au bado anatafuta viatu?"

"Cheka tu," alisema Mwalimu. "Wewe unadhani alikwenda Asia kutafuta nini?"

"Dhahabu."

"Dhahabu ilikuwepo nyumbani. Alikuwa anamkimbia mama yake!"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu alinyakua kitambaa kutoka begani mwa mkewe, akajifunga kichwani, akakunja midomo.

"Naapa kwa mizabibu yangu! Kila alipopiga kambi, tarishi huyo, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Barua ya mama. 'Aleki mwanangu, unakula? Hiyo fulana ya sufu unaivaa? Yule rafiki yako mpya macho yake siyapendi. Na mbona huandiki?' Aleksanda anasoma, anaikunja barua, anawageukia majemadari. 'Jamani, hapa tuko mbali na nyumbani kiasi gani?' Wanamwambia, mbali sana, Bwana Mfalme. 'Haitoshi. Kesho alfajiri tunaondoka.' Ndivyo alivyofika India, enyi msiojua historia!"

Bi Thomai alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwenyekiti wa wakulima alipiga meza. Hata watoto wa mwoka mikate, wasioelewa kitu, walikuwa wakirukaruka wakipaza sauti, "Unakula? Unakula?" Vaya naye alicheka, kisha akamtazama vizuri. Huyu hapa. Huyu mtu aliyemtafuta usiku kucha katika kurasa mia sita, huyu hapa amevaa kitambaa cha jikoni.

"Hilo limo kitabuni?" aliuliza Prodromos. "Maana kama limo, mimi nanunua nakala kumi."

"Hilo?" Mwalimu alikivua kitambaa, akanyoosha tai. "Hilo ni la mezani, Prodromos. Kitabu ni jambo la heshima."

Mtoto mmoja alichungulia dirishani. "Padri yuko darajani!"

"Divai ya pipa!" alisema Mwalimu. "Hatuwezi kumpa Padri Arsenios ya chupa siku kama hii." Akatwaa jagi, akashuka ngazi za chumba cha chini. Vaya aliweka sahani yake juu ya kabati na kumfuata, akaufunga mlango nyuma yake.

Chini kulikuwa na giza kidogo na harufu ya mbao zilizolowa. Mwalimu alipiga goti mbele ya pipa kubwa, magoti yakalia, akaanza kufungua bomba.

"Nilikuwa nafikiria jalada," alisema bila kugeuka. "Liwe jekundu. Au unaonaje? Jekundu litaonekana kama..."

"Baba Trifonas, kimekataliwa."

Mkono wake ulibaki juu ya bomba. Divai haikutoka. Juu ya vichwa vyao viti viliburutwa, watu walikuwa wakimwandalia padri nafasi.

"Kimekataliwa na nani?"

Vaya aliona sikio lake la upande huu likigeuka jekundu, polepole, kuanzia chini, kama la mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Aliona nywele alizozilaza kwa maji. Sentensi yake ndefu ya kwenye basi ikamtoka yote kichwani, likabaki neno moja.

"Na kamati."

Mzee akatoa pumzi ndefu, na alipogeuka uso wake ulikuwa umerudi.

"Kamati!" Akajishika kifua. "Lo, Vaya, karibu unitoe roho. Nilidhani kuna mtu amekisoma akakikataa."

"Baba..."

"Kamati! Mimi na kamati tumekula chumvi pamoja. Nani aliyekataa paa la shule? Kamati. Paa likapatikana, halikupatikana? Unatazama ndani yake kuna nani, fulani amemwoa dada wa nani, unapeleka salamu na chupa mbili za divai ya mwaka mzuri. Hakuna kamati isiyo na mlango wa nyuma."

"Si kamati ya namna hiyo. Nisikilize, tafadhali..."

"Wewe usiogope, sitakuponza kazini." Alifungua bomba, divai nyeusi ikatiririka jagini. "Uso wako tu unaonyesha ulivyonipigania. Ndiyo maana hukupiga simu siku zote hizi, hukutaka kuniambia wanakutesa. Nakujua mimi." Alisimama, akambusu kwenye paji la uso, akapanda ngazi na jagi lake, mwepesi kuliko aliposhuka.

Vaya alibaki ameegemea pipa. Kamati haina uso, alisema Bi Evdoksia. Lakini Bi Evdoksia ni mtu wa mjini. Hakuwahi kuishi Gumenisa, ambako mtu akiambiwa kuna kamati hasikii mlango ukifungwa. Anasikia kwamba kuna mlango, na anaanza kutafuta nani ana ufunguo.

Alipofika juu, Padri Arsenios alikuwa ameshaketi, joho limelowa upindoni, shada la mrihani la kunyunyizia maji bado mkononi. Mwalimu alikuwa amesimama kichwani mwa meza, glasi imejaa, na mkono wa pili juu ya mswada.

"Wapendwa wananchi wenzangu," alianza.

"Tumerudi shuleni," Prodromos alinong'ona, na jirani yake akamkanyaga mguu.

Ilikuwa sauti ya ngazi za shule, ileile. Alisema juu ya nchi na juu ya damu. Alisema juu ya taa iliyowaka na mkono uliochoka. Watu walitazama pai za jibini. Mtoto mmoja alipiga makofi kabla ya wakati akashikwa mikono. Vaya alisimama karibu na kabati akiomba aishie hapo, aseme miaka mingi, anywe.

"Nilitaka leo kuwapa habari njema tupu," alisema Mwalimu, "lakini nitawapa ukweli. Kule Thesalonike wapo wanaokipinga kitabu hiki. Wamekaa kamati."

Mnong'ono wa hasira ukapita mezani, kama uwanja wa mpira refa akikosea.

"Lakini msihofu! Ndani ya ngome hiyo tunaye askari wetu. Peke yake, kijana, mwanamke, anakipigania kitabu cha baba yake wa ubatizo." Alinyoosha glasi kuelekea kabatini. "Vaya!"

Makofi yalijaa nyumba. Haya hayakuwa ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Yalikuwa ya kweli, na Vaya aliyapokea mwilini kama mvua ya mawe. Bi Thomai alikuwa akilia kwa fahari, hajali kujifuta.

"Nipeni jina tu," alisema Prodromos, ameshasimama. "Nusu ya wakubwa wa Thesalonike wanakunywa divai yangu. Nitalifunga bomba, watu waone kiu."

"Shemeji yangu yuko ofisi ya mkoa," alisema mwenyekiti wa wakulima. "Simu moja."

"Mimi naweza kusema na Askofu," alisema Padri Arsenios, akipangusa ndevu, "maana anampenda sana Aleksanda. Lakini lazima nijue namsema nani. Siwezi kumwendea Askofu na kamati."

"Sema, mwanangu, usione haya!" alisema Bi Thomai. "Ni yule bosi wako, siyo? Yule wa kahawa. Nilijua! Mwanamke anayeshindwa kujipikia kahawa yake mwenyewe!"

"Bi Evdoksia hana kosa," alisema Vaya.

"Basi nani?"

"Ni mmoja au wengi?"

"Ni mtu wa Athene, lazima. Hao ndio hawatutaki."

"Jamani, mpeni nafasi apumue," alisema Mwalimu. Sauti ya ngazi ilikuwa imemtoka. Alimtazama Vaya kwa upole uliomchoma kuliko maswali yote. "Ana haya tangu mdogo huyu. Vaya wangu, sitaki wote. Mmoja tu. Kila kamati ina mmoja anayesema hapana kwanza, wengine wanamfuata. Nitajie huyo. Nitamwendea kwa adabu, na mswada wangu mkononi, nikae naye nimsomee. Akinisikia nikisoma, atabadilika."

Jina la uongo lilimjia Vaya midomoni, tayari kabisa: Bwana Kleanthis, mzee, mkali, ametoka Athene. Lilikuwa jina zuri. Kila mtu hapo angelimeza na kuliteremsha kwa divai. Kisha kesho simu zingeanza kulia, Askofu angesema neno, chupa zingepelekwa, na mzee huyu angepanda ngazi za watu asiowajua, tai imemkaza shingo, akimtafuta Bwana Kleanthis amsomee. Au Bi Evdoksia angechoka na simu, akakichapa. Halafu watu hawa hawa, wanaompenda, wangekifungua kitabu jikoni kwao wakanyamaza. Wangekutana naye barabarani na kumsifia jalada.

"Binti?" alisema padri.

Vaya alisema kitu, lakini hata yeye hakujisikia.

"Kwa sauti, Vaya!" aliita Prodromos. "Huku nyuma hatupati kitu."

"Ni mimi," alisema Vaya.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wake akaacha.

"Hakuna kamati, Baba Trifonas. Sikupaswa kukwambia vile kule chini. Ni mimi niliyekisoma, peke yangu, na ni mimi niliyesema hapana."

"Vaya!" alisema Bi Thomai. Mama Agathi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Prodromos naye alikaa, taratibu, viganja vyake vikubwa vikiwa juu ya magoti kama vitu asivyojua pa kuviweka.

Mwalimu alikuwa bado ameinua glasi. Hakuishusha. Aliangalia watu, akaangalia mswada, akamwangalia yeye.

"Wewe," alisema. Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu mmoja akimuuliza mwingine: "Kwa nini?"

Yalikuwepo maneno ya kazini, yale ya barua za adabu, na Vaya aliyajua yote kwa moyo. Muundo. Mwendo wa masimulizi. Hali ya soko. Alishika kabati, na vyombo vikalia ndani yake.

"Kwa sababu si kizuri, Baba," alisema. "Nilitaka kiwe kizuri. Nilitaka kuliko mtu yeyote humu ndani. Nilikisoma mpaka ukurasa wa mwisho nikikungoja utokee, na si kizuri."